Safari Hii ni Kweli

Ndugu waombolezaji, majirani, wafanyakazi wenzake, na ninyi mnaotufuatilia kupitia simu ambazo naona zimeinuliwa hapa mbele yangu kama mikono ya wanafunzi wanaojua jibu, kwa niaba ya familia nasimama kuwasomea historia ya dada yetu, na kabla sijafika hata kwenye kuzaliwa kwake nalazimika kuanzia mwisho, jambo ambalo yeye mwenyewe angelikata kwa kalamu nyekundu: dada amefariki, amefariki kweli, safari hii si kosa la mtambo wala si mbinu ya kutafuta wafuasi, na wale mlioandika tangu Jumanne kwamba "tumeshamzoea huyu, Ijumaa atafufuka," naomba mpumzike kidogo, maana mama yetu naye ana simu na anajua kusoma.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1966, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, mtoto wa kwanza wa karani wa stoo na fundi cherehani, nami nikafuata miaka minne baadaye nikiwa wa mwisho na, kwa maelezo yake, bila kuombwa. Elimu ya msingi aliipata katika shule iliyokuwa ng'ambo ya barabara kuanzia mwaka 1973, ya sekondari akaipata katika shule ya bweni ya wasichana, ambako mwalimu wa darasa aliandika kwenye ripoti kwamba "anauliza sana," baba akayasoma maneno hayo kama sifa, mama akayasoma kama onyo, na wote wawili, kama tulivyokuja kuona, walisoma sawasawa. Baada ya hapo alijiunga na chuo cha uandishi wa habari, akahitimu stashahada mwaka 1988.

Tarehe 4 Julai mwaka huohuo aliajiriwa na gazeti la kila siku, katika chumba cha habari kilichokuwa ghorofa ya pili, chenye madirisha yasiyofunguka na feni iliyozunguka pale ilipojisikia, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kufungua barua za wasomaji, narudia, barua za wasomaji, wala si kuripoti mahakamani kama ilivyotangazwa na watu fulani ambao nitawafikia. Katika kazi hiyo alijijengea tabia mbili ambazo ziliwatoa jasho wakubwa zake wote, ya kwanza ikiwa ni kwamba hakuchapisha maneno ya mtu bila kumpigia simu akamsomea, awe waziri au muuza mkaa, hata mhariri akimfokea, "Mama wee, kurasa zinakwenda mtamboni, wewe unasomea watu hadithi!" naye akijibu bila kushusha mkono wa simu, "Maneno ni yake, acha ayaone yamevaa nguo gani kabla hayajatoka nje." Tabia ya pili ilikuwa kumjibu kila msomaji aliyemwandikia.

Tabia hiyo ya pili ndiyo iliyotuletea shemeji. Mwaka 1991 marehemu aliandika habari ya chumba cha baridi kilichoharibika hospitalini, ikawagusa mafundi, na fundi mmoja wa majokofu akaandika barua kali kudai haki ya fani yake, dada akamjibu, fundi akajibu jibu, dada akajibu jibu la jibu, mpaka wakaona nauli ni nafuu kuliko stempu, wakafunga ndoa tarehe 12 Desemba 1992, na shemeji mpaka leo husema kwamba alikwenda kudai masahihisho akarudi na mke. Walijaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa mwaka 1995, ambaye ni mfamasia, na kijana aliyezaliwa mwaka 1998, ambaye ni mwalimu.

Mwaka 2012 gazeti lilihamia mtandaoni, na wasomaji wakahamia nalo bila hata kuvua viatu. Hapa, ndugu zangu, niruhusuni nivute pumzi, maana mimi ni fundi wa lifti, kazi ambayo imenipandisha katika nchi nyingi na kunishusha katika zote, na kila nilikokuwa nilifungua simu nikasoma mliyokuwa mkimwandikia dada yangu, nikapandwa na presha nikiwa bado ghorofa ya chini. Alifuatilia kwa miezi maji machafu ya kiwanda yaliyokuwa yakiingia kwenye visima vya watu, akalala kwenye korido za ofisi za wakubwa, habari ikatoka, na maoni ya kwanza kabisa yalikuwa, "Dada, hilo gauni la kwenye picha umenunua wapi?" ya pili, "Umelipwa na nani?" na ya tatu, kutoka kwa mtu aliyesoma kichwa cha habari tu, "Mbona hujaandika kuhusu maji?" Naye alijibu yote, la kwanza kwamba gauni limeshonwa na mama, la pili kwamba amelipwa na gazeti na mshahara umechelewa, la tatu kwamba tafadhali shuka chini kidogo, maji yapo aya ya kwanza. Nilimpigia nikamwambia, dada, hawa wanakuchezea, wafungie, akaniambia, "Mtu kabisha hodi, wewe unataka nijifiche nyuma ya pazia? Nyumba yenyewe nimewaita mimi."

Katika wabisha hodi hao alikuwapo mmoja asiye na jina wala sura, mwenye picha ya mwavuli uliofungwa, ambaye chini ya kila habari, kwa zaidi ya miaka kumi, aliandika neno moja tu, "Thibitisha," na sisi katika familia tukamwita hivyohivyo. Marehemu alimjibu kila mara, akampelekea nyaraka, akamweleza nani alisema nini na wapi, na kuna siku Thibitisha alibaini kwamba tarakimu moja ya kipimo cha maji imekosewa, dada akasahihisha akamshukuru hadharani, na wakubwa wake walipomtaka amfungie mtu huyo msumbufu aliwaambia kwamba huyu ndiye msomaji pekee aliyefika aya ya mwisho.

Mwaka 2021 marehemu aligundulika kuwa na maradhi ya figo, akawa anakwenda kusafishwa damu, na mwanzoni mwa mwaka huu wa 2024 alilazwa. Sasa, vyumba vya habari vina desturi ya kuwaandikia tanzia mapema watu wanaojulikana, zikakaa tayari kabatini kama sanda, na tarehe 2 Februari mhariri wa zamu alifungua ya dada ili aongeze mstari kuhusu ugonjwa, akakusudia kuihifadhi, akaichapisha. Marehemu alikuwa amekaa kitandani anakunywa chai. Rambirambi zikamiminika kwa maelfu, mishumaa, maua, nyuso zinazolia, watu ambao wiki iliyopita walikuwa wakimuuliza kalipwa na nani sasa wakamwita nguzo ya taifa, na jirani yetu mwema akafika nyumbani na viti vya plastiki na turubai, akakuta shemeji anafua. Dada aliisoma tanzia yake mpaka mwisho, akapiga simu chumba cha habari, akasema, "Marehemu hapa. Kwanza, sikuanzia mahakamani, nilianzia kwenye barua za wasomaji. Pili, mbona hamkunisomea?"

Kisha akaanza kuwajibu waliomlilia, mmoja mmoja, asante, nimeguswa, lakini bado nipo, na hapo ndipo kichwa kilipotaka kunipasuka, maana kuna watu walimjibu, "Wewe ni nani unayetumia ukurasa wa marehemu? Huna hata haya?" wakamshauri aiachie familia iomboleze. Katika maelfu yote hayo, mtu mmoja tu hakuweka mshumaa, mwenye mwavuli, aliyeandika chini ya tanzia lile neno lake moja, na dada alipoliona alicheka mpaka muuguzi akaja kuangalia kuna nini.

Ndipo aliponiagiza niandike historia hii nimsomee akiwa hai, nikaisoma, akaisahihisha, akafuta sehemu niliyomsifu, akaacha niliyojisema, na akaniapisha kwamba sitaisoma mbele ya watu kabla sijampigia kila niliyemtaja nikamsomea sehemu yake, "na Thibitisha pia." Alifariki Jumanne, tarehe 14 Mei 2024, asubuhi, mumewe na watoto wake wakiwa kando yake. Tukatangaza, gazeti likatangaza, na hamkuamini. Mama akasoma kwamba mwanawe anatafuta umaarufu. Nilishika ukurasa wa dada nikasema nitamjibu kila mtu kama yeye, nikadumu mchana mmoja, kisha nikaandika jambo ambalo binti yake alilifuta haraka akaniambia, "Mjomba, lete hiyo simu ya mama."

Kabla haijachukuliwa nilikuwa nimemwandikia mwenye mwavuli kwamba nimekutaja katika historia ya marehemu, hii hapa namba yangu, nipigie nikusomee. Jibu lilikuwa, mnalijua. Nusura niitupe simu ukutani. Lakini jana asubuhi simu yangu ikalia, sauti ya mtu mzima ikasema, "Soma," nikasoma mpaka mwisho, kisha ikasema, "Kuna makosa mawili. Umeandika 'bwana mmoja asiye na kazi ya kufanya.' Mimi ni mama wa watoto watatu, na nina kazi, nakagua mizani za sokoni. La pili, umeandika alinijibu mara nyingi. Andika kila mara." Nikamwambia nimesahihisha, pole mama. Akasema, "Gazeti lile lilishakosea. Mazishi ni wapi? Nitakuja nione mwenyewe."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka na wakavumilia kuhojiwa na mgonjwa, inawashukuru majirani, hasa yule aliyeleta viti kwa mara ya pili na safari hii tukavipokea, na inawashukuru wenzake wa chumba cha habari, ambao Jumanne, kabla ya kuchapisha neno lolote, walimpigia shemeji wakamsomea.

Mstari wa mwisho nimeuongeza kwa kalamu asubuhi ya leo, na mhusika nimemsomea pale alipokaa, akaupitisha. Alifika kabla viti havijapangwa, na mwavuli wake mkononi, akasimama mbele ya jeneza kwa muda mrefu, akakaa kiti cha nyuma kabisa alipo mpaka sasa, akatoa simu, na chini ya tangazo letu la kifo, palipokuwa na kelele zenu zote, akaandika neno moja, "Nimethibitisha."

Lala salama, dada. Hodi zao tutaziitikia sisi.