Einar Tostrud, 1941–2024: Fundi wa Bunduki Mia Moja Arobaini na Tatu

Einar Tostrud, aliyelala hapa mbele yetu, alizaliwa tarehe 9 Machi 1941 katika shamba la ngano nje kidogo ya Denton, Montana, mtoto wa pili wa Nels na Borghild Tostrud. Aliyeandika wasifu huu, na ndiye anayeusoma, ni binti yake wa pekee, Sigrid. Mchungaji Lindvig alimwomba auandike kwa upole. Amejaribu.

Alisoma shule ya Denton hadi mwaka 1959. Lakini somo lililomkaa alilipata nyumbani, Novemba 1953, akiwa na miaka kumi na miwili. Baba yao alikuwa ameunga bunduki ya kuwindia kwa vipande vya kuokoteza: mtambo wa bunduki hii, mtutu wa bunduki ile, na komeo la kufungia risasi alilolisugua kwa tupa mpaka likakubali kuingia. Siku ya tatu ya msimu wa kuwinda ilimpasukia usoni kaka yake Leif na kumtoa jicho la kulia. Einar ndiye aliyemshika mkono njia nzima hadi Lewistown kwa daktari. Tangu siku hiyo hakuamini kipande chochote cha chuma kabla hajakikagua mwenyewe, na hata baada ya kukikagua hakukiamini sana.

Baada ya chuo cha ufundi wa bunduki huko Colorado, na miaka mitatu jeshini akitengeneza silaha za wenzake, alifungua karakana nyuma ya nyumba yake mjini Lewistown, Mei 1967. Humo alitengeneza bunduki 143 za kuwindia, na hakuna hata moja iliyorudishwa. Kila mtutu aliuelekeza dirishani na kuchungulia ndani, akitafuta kivuli kilichopinda. Ubao wa mjozi wa kutengenezea kitako aliuweka miaka saba ukauke, kisha akautupa kama nyuzi zake hazikunyooka pale kwenye shingo ya kitako, mahali ambapo ubao hupasuka bunduki ikipiga teke. Meno ya komeo aliyapaka masizi ya mshumaa ili aone kama yote yanagusa. Mteja aliyekuja na kipande cha ovyo alichojinunulia mwenyewe alirudishiwa mkononi.

"Hiki kafungie geti la ng'ombe," alimwambia mmoja wao, mbele ya watu. "Karibu na uso wako mimi sikiweki."

Tarehe 12 Septemba 1970 alifunga ndoa na Verna Skaar katika kanisa hili hili. Alimjengea makabati ya jikoni, mazuri sana, yasiyo na milango, kwa sababu hakuwa amepata mbao zinazofanana rangi. Miaka kumi na tisa sahani zilikaa wazi zikila vumbi. Mwaka 1989 Verna akafunga mizigo.

"Unakwenda wapi?" Einar alimuuliza.

"Spokane, kwa dada yangu. Kwake makabati yana milango."

Watu wa mji huu wamekicheka kisa hicho miaka yote. Sigrid alikuwa na miaka kumi na mitano, na hakucheka. Mama yake alifariki huko huko Spokane mwaka 2011, hakurudi tena.

Sasa lisemwe na lile jingine. Agosti 1986, Sigrid alipofaulu mtihani wa usalama wa uwindaji, baba yake alimwahidi bunduki. Siku wakiimaliza, alisema, ndiyo siku watakayokwenda kuwinda pamoja, baba na binti, si kabla. Akaweka sanduku chini ya meza yake ya kazi, akaandika juu yake kwa chaki: SIGRID. Mtutu wa kwanza ulifika mwaka uliofuata.

"Baba, na huu nao una nini?"

"Hauna kitu. Ndiyo maana nauangalia tena."

"Miezi mitatu unauangalia tu!"

"Kwa hakimu unafaa. Kwako wewe hapana, mwanangu."

Hakimu wa mji, mteja wake, akauchukua, akaufurahia mpaka akafa. Ikawa ndiyo desturi. Bwana Arne Lokken, uliyekaa benchi la tatu, mtutu wako ulikuwa wa Sigrid. Daktari Pruett, kile kitako ambacho kila anayekuja kwako lazima akishike, ubao wake ulikaa ndani ya sanduku lile miaka tisa. Mlipewa vilivyokataliwa, navyo vikawa vizuri kuliko vyote mlivyowahi kuwa navyo. Mwenye sanduku aliwinda kwa bunduki ya kuazima kwa jirani, kisha akiwa na miaka ishirini akanunua ya dukani, yenye kitako cha plastiki. Kwa bunduki hiyo alimwangusha kulungu wake wa kwanza, dume kubwa. Baba yake alikula, akasifu nyama, akaitupia jicho ile bunduki iliyoegemea ukutani.

"Usiizoee," alisema. "Yako inakuja."

Alimpenda binti yake. Hilo Sigrid habishi. Lakini hofu yake ilizidi mapenzi yake, na kwa miaka thelathini na minane hawakuwinda pamoja hata asubuhi moja. Hilo linamuuma, na halitaacha kumuuma kwa sababu leo ni siku ya mazishi.

Mwaka 2021 mikono ya Einar ilianza kutetemeka. Januari mwaka huu kilifika kipande cha mwisho, kifyatulio. Alikivuta mara mia, na kila mara kiliachia pale pale, bila kukokota. "Haya, sasa vyote vizuri," alimwambia binti yake, na akashika bisibisi, na bisibisi ikaanguka. Akaiokota, ikaanguka tena.

"Nielekeze, nifanye mimi," Sigrid alimwambia.

"Mikono yako haijafundishwa."

"Na nani alitakiwa aifundishe?"

Einar aligeukia dirisha, lile alilozoea kuelekezea mitutu, na hawakulizungumza tena. Alifariki kwa nimonia hospitalini, Ijumaa tarehe 18 Oktoba 2024, saa nne asubuhi, akiwa na miaka themanini na mitatu.

Shangazi Gudrun analalamika tangu juzi kuhusu jeneza.

"Sigrid, msonobari! Fundi kama Einar, na la mjozi lilikuwa pale pale!"

"Shangazi, nimechukua la kwanza nililoonyeshwa. Lina mfuniko na unafunga."

Marehemu ameacha kaka yake Leif, wa jicho moja. Dada yake Gudrun wa Minot. Binti yake Sigrid. Bunduki 143 katika nyumba zenu. Na sanduku moja lenye mtutu, mtambo, kifyatulio na ubao wa mjozi, vyote safi, ambavyo havijawahi kugusana. Kahawa na lefse, ile mikate ya viazi, vipo katika ukumbi wa chini ya kanisa. Msimu wa kuwinda unafunguliwa Jumamosi, na Sigrid atakwenda na ile ya plastiki, peke yake.

Pumzika, Baba. Na huko uendako usipewe viwili uchague. Upewe kimoja, uambiwe ni chako, nawe ukipokee.