Safari ya Komoro Tuliyomcheleweshea Mzee Thobias

Tarehe 30 Juni 2025 Mzee Thobias Chidawali, mchora ramani wetu, anastaafu baada ya kuitumikia ofisi hii ya upimaji kwa miaka thelathini na minne. Aliingia Juni 1991 akiwa kijana mwembamba kutoka Mlali, Kongwa, na wanaomkumbuka siku hiyo wanasema alikuja na kalamu zake mwenyewe za kuchorea, amezifunga kwenye kitambaa kama mtu aliyebeba mayai.

Kazi ya kuandika wasifu huu nimepewa mimi wa masjala, kwa kuwa nimekaa chumba cha jirani na chake miaka ishirini na sita, na kwa kuwa mimi ndiye katibu wa kamati ya kuaga wastaafu. Sikusoma sana, mtanivumilia. Najua wasifu wa mstaafu unatakiwa uchekeshe kidogo na kusifu sana. Vya kuchekesha vipo na vya kusifu ni vingi, nitavisema. Lakini kuna jambo moja nisipoliandika nitakuwa nimesema uongo mbele ya Mungu na mbele yenu, kwa hiyo nalo nitaliandika.

Kazi yake kwanza. Mzee Thobias alikuwa na sheria moja: mguu kwanza, wino baadaye. Mpimaji akileta vipimo, mzee alichora kwa penseli, kisha akaomba gari aende akakanyage mwenyewe, ndipo apitishe wino. Mameneja watatu walijaribu kumwachisha tabia hiyo, wakashindwa. Mwaka 2012, wakati viwanja vya upande wa Mkonze vinachorwa, kila mtu alikuwa na haraka. Ilikuwa Septemba, ardhi imekauka, pametulia kama meza. Mzee akaenda, akatembea, akachota mchanga kiganjani, akarudi na kukataa kutia wino viwanja kumi na vinne. Alisema pale panapita maji. Vijana wa vipimo walimcheka, wakamwita nabii wa mvua. Januari maji ya korongo yakashuka pale pale na kung'oa mkwaju mzima. Wanaokaa salama leo jirani na hapo hawamjui hata jina. Na yeye hakuwahi kuwakumbusha wale vijana, ila kila wingu lilipotanda alikuwa akipita mlangoni mwao anakohoa.

Kompyuta zilipoletwa, tulidhani zitamshinda. Alijifunza akiwa na miaka arobaini na minne, akikaa na mtoto wa rika la mwanawe bila kuona haya. Ila kila ramani aliyoimaliza kwenye kompyuta aliichapa, akaitandika mezani na kuikagua kwa kidole. Vijana sita wa ofisi hii amewafundisha yeye. Hajawahi kumpigia mmoja wao kelele. Alikuwa akiona kosa anauliza tu, "Hapa umekanyaga?" Basi, mtu anaona aibu mwenyewe.

Sasa Komoro.

Wengi mnaijua ile ramani iliyokuwa nyuma ya mlango wake. Ilianza mwaka 2006. Halfani, mpimaji wetu wa Kondoa, alikwenda likizo kumtembelea dada yake Batuli aliyeolewa Moroni, mji mkuu wa Komoro, akamletea mzee picha na ramani ya watalii. Mzee wetu ni mtu wa nyanda hizi kavu, amekua akiona vilima vimesimama peke yake katikati ya vumbi. Akaona picha ya nchi ambayo ni milima mitupu imetoka baharini, mmoja wao, Kartala, bado una moto tumboni. Alikaa nayo muda mrefu. Kisha akachukua karatasi kubwa, akaanza kuichora nchi ile upya, visiwa vyote vitatu, mistari ya mwinuko mmoja mmoja, na njia ambayo yeye na mkewe Ruthu wangepita.

Kwa miaka kumi na tisa ramani ile ilikaa kwenye penseli. Tulipomuuliza kwa nini hatii wino, alitutazama kama watu tusiojua kitu. Hajakanyaga, atatiaje?

Safari yenyewe aliipanga kama anavyopanga kazi. Siku kumi. Siku ya kwanza kufika Moroni na kutembea mjini. Siku ya pili kumtafuta mwongozaji wa mlima. Ya tatu na ya nne kupanda Kartala, kulala juu, alfajiri kusimama kwenye ukingo wa shimo. Ya tano kwenda Ziwa la Chumvi kaskazini. Kisha kuvuka kwenda kisiwa cha Mwali kuwaona nyangumi na kasa wanaotaga usiku, halafu kisiwa cha Nzwani kwenye maporomoko na ziwa lililo juu milimani. Pembeni ya kila siku aliandika saa za kutembea, mahali pa maji, na mahali ambapo Ruthu angepumzika. Kwa simu alimuuliza Batuli maswali mpaka Batuli akamwambia Halfani, "Huyo mzee wenu anakuja kutembea au anakuja kuinunua nchi?"

Na walifanya mazoezi. Kila Jumamosi asubuhi yeye na Ruthu walipanda kilima nyuma ya Mkonze, kila mmoja na begi lenye kilo tano za mahindi. Ruthu ni mwimbaji mwenzangu kwaya ya akina mama, na alikuwa anakuja mazoezini anachechemea, anatuambia kwamba yeye hakuolewa na mume, aliolewa na ramani. Alisema hivyo anacheka. Viatu vya mlima alivyonunua alivionyesha kanisa zima.

Hapa ndipo ninapofika mahali pagumu.

Mnajua desturi yetu ya kuaga. Zawadi ya mstaafu ni siri mpaka siku yenyewe. Mabati, jiko, ng'ombe wa maziwa, vyovyote iwavyo, mwenyewe hatakiwi kunusa. Tunajivunia sana siri zetu. Januari mwaka jana kamati ilikaa mapema kuliko siku zote, kwa sababu mzee huyu si wa mabati. Tukakubaliana: tutampeleka Komoro yeye na Ruthu, safari yote kama alivyoichora, na akiba yake mwenyewe ibaki ya uzeeni. Halfani alifurahi mpaka akasimama. Mimi ndiye niliyeandika muhtasari, nikaufungia kabatini.

Aprili mzee akaleta barua ya likizo. Anaomba wiki mbili za Agosti. Anakwenda Komoro.

Kamati ikashtuka. Akienda mwenyewe sasa, sisi tutampa nini? Tukamwomba meneja amzuie. Meneja naye alikuwa anaijua siri, akamjibu kwamba Agosti kuna kazi kubwa ya viwanja na hakuna wa kumwachia. Kazi hiyo haikuwepo. Mzee akakubali, akarudi mezani. Sisi tukagongana viwiko kwenye korido kama watoto walioficha peremende.

Baada ya wiki akaja masjala kwangu. Si kawaida yake kurudia ombi. Alisimama mbele ya dawati, ameshika ukingo wake.

"Mama Abeli," akaniambia, "ongea na meneja. Mwaka huu nikikosa, nimekosa."

Nikacheka. Nilicheka kwa sababu nilikuwa nimejaa ile siri, inanitoka machoni. Nikamwambia, "Mzee, Komoro inahama? Vile visiwa si vimefungwa hapo hapo na Mungu?"

Naye akacheka kidogo, akasema kweli havihami. Akaondoka. Kwenye kizingiti akajikwaa, na mimi nikamtania kwamba ameshaanza kuzeeka.

Sikujua. Mwezi Februari, wiki chache tu kabla ya barua ile, alikuwa ameambiwa na daktari kwamba ana presha ya macho, imekaa muda mrefu bila kujulikana, na jicho la kulia limeshakwenda zaidi ya nusu. Kilichopotea hakirudi. Dawa ni ya kulinda kilichobaki, na kwake hata hicho hakikuwa na uhakika. Akaambiwa, kama kuna kitu anataka kukiona, akione.

Hakumwambia mtu hapa kazini. Mchora ramani akisema macho yanakwenda, kesho atahamishiwa kukaa getini, na yeye alitaka kumaliza akiwa kwenye meza yake. Kwa hiyo alikuwa na siri yake na sisi tulikuwa na yetu, zikakaa jengo moja mwaka mzima.

Dalili tuliziona, tukazifanya mzaha. Alihamisha meza dirishani, tukasema anataka kuona wapita njia. Alimimina chai nje ya kikombe, tukasema anamuwaza Ruthu. Alianza kugeuza kichwa chote kukitafuta kitu kilichokuwa mbele yake, Halfani akamwita bundi, na yeye akaitika. Ramani alizichora bado, na hazikuwa na kosa. Nimezirudia zote kwenye faili. Sijui alizichoraje.

Mei mwaka huu, tarehe tisa, tukawaita yeye na Ruthu chumba cha mikutano. Tulitaka wapate muda wa kujiandaa, kwani ndege ni Julai 12. Kulikuwa na keki. Meneja akasema maneno mazuri, Halfani akamkabidhi bahasha. Mzee akazitoa tiketi, akazisogeza karibu na uso, akazipeleka kushoto, akazirudisha kulia. Watu wakaanza kucheka, wakidhani anatuigizia. Kisha akampa Halfani na kumwambia kwa upole, "Nisomee, mwanangu."

Halfani akasoma. Alipofika kwenye neno Moroni akaishusha tiketi, kwa sababu alikuwa anamtazama mzee usoni.

Ruthu ndiye aliyetuambia habari za macho, akiwa amesimama na mkoba wake mkononi. Halafu akauliza, si kwa hasira, "Hili mlilipanga tangu lini?"

Nikajibu mimi, kwa kuwa ndimi katibu. Nikasema tangu Januari mwaka jana.

"Mwaka jana alikuwa anaona," akasema Ruthu.

Keki haikukatwa.

Wiki iliyofuata mzee aliniomba nimsomee mpango wake, kwa sababu penseli yake mwenyewe haioni tena. Jicho la kushoto limebakiwa na katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye bomba, na giza likiingia haoni chochote. Tukakaa ofisini kwake mchana, mlango umefungwa, ramani mezani. Nikasoma siku ya tatu na ya nne, Kartala. Batuli alikuwa ameshauliza kwa waongozaji wawili, na wote walikataa kumpandisha mtu asiyeona miguu yake kwenye mawe yale.

"Toa," akasema.

Nikasoma nyangumi. Akasema nyangumi anatokea mara moja na kuzama, mpaka yeye ageuze kichwa atakuwa ameshakwenda. Toa. Kasa wa usiku, toa. Maporomoko ya Nzwani yana ngazi za utelezi. Toa. Ziwa la milimani, toa. Kila aliposema nilipiga mstari, na mkono wangu ulikuwa mzito kuliko siku niliyoandika jina la marehemu mama yangu kwenye kitabu cha maziko. Ziwa la Chumvi gari linafika karibu. Akasema tuliwekee alama ya kuuliza.

"Siku ya kwanza nilisema nini?"

Nikamsomea: kufika, kupumzika, kutembea mjini na Ruthu.

"Hiyo iache," akasema.

Nikamwambia pale pale kwamba nimekosa, kwamba nilimcheka siku ile amekuja kuniomba. Akaipapasa karatasi akitafuta kona zake aikunje. Akasema, "Mama Abeli, mngeniambia tu." Nami nikamwambia, "Na wewe mzee, ungetuambia." Nilimsaidia kukunja.

Ningependa sana kuandika hapa kwamba ametusamehe. Ingekuwa sentensi nzuri ya kufungia wasifu, na watu wangepiga makofi. Hajasema, na sitamsemea. Amenisalimia kila asubuhi kama zamani, ameuliza habari za wajukuu wangu, lakini neno hilo hajalitamka. Nimeliombea kwa magoti na nikiinuka naona niko pale pale. Mchungaji ameniambia Mungu hupanga. Naamini. Ila hili tulilipanga sisi, nina muhtasari wake kabatini na saini yangu chini.

Kama ameamua kwenda Julai 12, hatujui. Ruthu anasema waende hata akakae kwenye kiti aonje upepo. Yeye hajasema ndiyo, hajasema hapana. Tiketi ziko kwake.

Kamati imekaa mara moja tangu hapo. Kuanzia sasa mtumishi akibakiza miaka mitatu tutamwita, tutamuuliza anataka nini na anakitaka lini, na tutamwambia tulichonacho mkononi. Hiyo haimsaidii kitu Mzee Thobias.

Mzee Thobias, asante kwa miaka thelathini na minne. Asante kwa wale wa Mkonze wanaolala bila kujua. Asante kwa vijana sita na kwa uvumilivu wako juu ya mizaha yetu, hata ile tusiyostahili kusamehewa. Mama Ruthu, asante kwa kutuazima mumeo. Mzee, Mungu akuhifadhie hicho kilichobaki, asubuhi hadi asubuhi. Na ukiamka siku moja moyo ukakwambia nenda, popote pale, nenda siku hiyo hiyo, mzee wetu. Barua usilete. Ruhusa tulikunyima sisi, na sisi hatuna tena haki ya kuitoa.

Emiliana Masaka, Mama Abeli
Masjala, Katibu, Kamati ya Kuaga Wastaafu
Dodoma