Tulimwita Njama

Benchi letu liko pale barabara inapokata kona, ubavuni mwa duka la vifaa vya umeme lililofungwa zamani. Ni ubao mmoja mrefu juu ya matofali, umeng'arishwa na makalio ya watu. Hapo ndipo ninapouza kahawa. Wananiita Dada Buli, jina nililopewa nikiwa msichana, na mpaka leo nina wajukuu lakini udada haujaniisha. Zamani benchi hili lilijaa mpaka wengine wakasimama, watu wakabishana mpaka kahawa ikapoa vikombeni na mimi nikawapigia kelele kwamba kahawa siyo juisi. Siku hizi wa kudumu wamebaki watatu. Yuko Mwalimu, mstaafu, ambaye ukikosea sarufi mbele yake utadhani umemkanyaga kidole. Yuko Antena, fundi simu, anayenasa kila kinachopita hewani, cha kweli na cha uongo. Na yuko Breki, aliyekuwa dereva wa lori, ambaye mjadala ukishika kasi yeye ndiye huusimamisha.

Jioni hiyo Mwalimu alikuja amechelewa, akakaa bila salamu.

— Njama amefariki. Amezikwa juzi, huko huko kwa binti yake.

Niliweka buli chini. Antena akavua kofia. Breki alitazama ng'ambo ya barabara, kwenye kile kibanda chenye mlango wa bati ambacho hakijafunguliwa tangu mwenyewe aondoke.

Njama alikuwa fundi saa. Hapo mwanzo tulimwita Fundi tu. Alikuwa mtu wa "mbona". Mbona taa za barabarani zinawaka mchana? Mbona mwamuzi wa fainali amebadilishwa dakika za mwisho? Mengine yalikuwa na maana, mengine yalikuwa upuuzi mtupu. Aliwahi kushikilia kwamba saa ya mnara wa sokoni inacheleweshwa kwa makusudi ili wafanyakazi wachelewe kutoka kazini. Mwalimu akamwambia alete ushahidi. Fundi akaenda, akapanda mnara mwenyewe, akarudi na vumbi hadi kwenye nyusi.

— Ehe? tukamuuliza.

— Kutu, akasema. Kutu tu, jamani. Nimeshindwa.

Akatununulia kahawa benchi zima, maana ndiyo ilikuwa adhabu ya aliyeshindwa. Tulicheka mpaka tukafuta machozi. Yeye ndiye aliyecheka kuliko wote.

Halafu Mwalimu akaja na neno. Alilisikia redioni, kwenye kipindi cha wasomi: nadharia ya njama. Akatufafanulia vizuri, kwamba kuna watu ambao kila jambo kwao lina mkono uliofichwa nyuma yake. Neno likatunogea kama sukari guru. Kabla vikombe havijakauka, Fundi alikuwa ameshakuwa Njama.

Kwanza ilikuwa utani, naye aliupokea kiutani. Lakini jina lile lilikuwa na kazi yake. Mtu akiuliza swali gumu, mwenzake anapiga paja: "Njama hiyo!" Watu wanacheka, mada imekwisha. Hakuna tena kuambiwa alete ushahidi. Hakuna tena kwenda wala kurudi na vumbi. Nilianza kuona watu wanamaliza kahawa ingali ya moto.

Ndipo maji ya bomba yakaanza kunuka. Kila mtu alisikia harufu. Breki aliniambia niongeze tangawizi kwenye buli ili ipotee. Njama akasema tatizo liko kwenye tangi la mlimani.

— Tupandeni tukaangalie, akasema. Watu wanne tu, na ngazi. Pengine kuna kitu wametia humo.

— Wametia! Antena wa siku zile akadakia. Nani hao?

— Sijui. Ndiyo maana nasema tupande.

— Njamaaa!

Ilikuwa sauti ya benchi zima. Alikuja kesho yake akaomba tena, na kesho kutwa. Kila alipofungua mdomo, jina lake lilikuwa limeshamtangulia. Akaenda ofisi ya maji, na huko nako kumbe jina lilikuwa limefika. Karani alimwuliza kwa kicheko kama yeye ndiye yule wa saa ya mnara. Kisha watoto wa mtaa wakaanza kuumwa matumbo. Mkewe akalazwa, akatoka amekonda amebaki macho. Njama akafunga kibanda, akamchukua mkewe wakahamia kwa binti yao. Hakutuaga. Nilimwona tu akipita na gari la mizigo, ameshikilia kabati la saa lisianguke.

Baadaye sana watu wa maji walipanda na ngazi. Wavu wa juu ya tangi ulikuwa umetoboka, popo walikuwa wamedondokea ndani na kufia humo. Hakuna aliyetia kitu. Ulikuwa uzembe, basi.

Sasa jioni ile ya habari za msiba, Antena ndiye aliyeanza.

— Lakini mzee yule alijuaje? Alikuwa na mtu wake ndani ya ofisi ya maji. Lazima.

— Angekuwa na mtu ndani, karani angemcheka? nikamuuliza.

— Dada Buli, hayo ndiyo maigizo yenyewe. Ili tusishtuke!

Maana Antena amebadilika. Tangu tangi lilipofunguliwa, yeye ambaye alimcheka Njama kuliko wote ndiye anayeamini kila kitu. Ukimwambia mvua imenyesha, atakuuliza nani ameiagiza.

— Labda alikuwa mpelelezi, Breki akasema taratibu. Saa zilikuwa kisingizio. Mtu gani anaishi kwa kutengeneza saa?

— Umeona! Antena akarukia. Lisemwalo lipo, na kama halipo basi limefichwa.

— Methali haisemi hivyo, Mwalimu akanong'ona.

— Methali yenyewe wameibadilisha, Mwalimu! Na wale popo? Popo wana macho ya usiku. Popo gani asiyeona maji? Wale waliletwa. Kwa gunia.

— Na nani? nikauliza.

— Ndiyo hapo sasa.

— Na sisi tungefanyaje? Breki akasema, akitafuta pa kusimamishia. Wahenga walisema maji usiyoyafika hujui wingi wake. Tangi lile lilikuwa refu. Ndiyo maana hatukupanda.

Siku nyingine Mwalimu angemrudi. Safari hii aligeuza tu kikombe mkononi.

— Mnakumbuka alivyotoka mnarani? akasema. Zile nyusi?

Tukakumbuka. Antena akaigiza mwendo wake, ule wa kuinamia mbele kana kwamba bado anatazama ndani ya saa. Breki akakumbuka alivyokuwa akituambia saa ngapi bila kutazama popote, akapatia. Kwa muda kidogo benchi likarudi kuwa lile la zamani. Nilimimina bila kuombwa.

Tulikuwa bado tunacheka aliposimama mbele yetu mwanamke mmoja, mtu mzima, funguo mkononi. Nilimjua kwa kipaji cha uso kabla hajasema.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu.

— Mimi ni binti wa fundi saa. Nimekuja kukikabidhi kibanda kwa aliyekuwa akimpangisha baba.

Kofia ya Antena ikavuliwa tena. Tukampa pole, mmoja mmoja. Mwalimu akasogea, na binti akakaa kati yao. Nikampa kikombe. Akanusa kwanza, kama baba yake, kisha akanywa.

— Baba aliwakumbuka sana, akasema. Kule kwangu kuna watu wema, lakini hawabishani. Alikuwa akisema hakuna mahali amewahi kushindwa kwa raha kama kwenye benchi hili.

Mwalimu aliinamisha kichwa.

— Mama yupo? nikauliza.

— Yupo. Tumbo halijawahi kuwa lile la mwanzo, ila yupo.

Antena hakuweza kujizuia.

— Mwanangu, hebu tuambie wewe. Mzee alijuaje mambo ya lile tangi? Nani alimwambia?

Binti alimtazama kana kwamba hajasikia vizuri.

— Hakujua, mjomba. Maji yalikuwa yananuka.

Antena akaikunja kofia mkononi.

— Tena alikosea, binti akaendelea. Alidhani kuna mtu ametia kitu. Tuliposikia ni popo alisema, "Nimeshindwa, nawadai... hapana, wao wananidai kahawa." Alitaka arudi awanunulie. Miguu ikamkatalia.

Hapo Breki alitazama pembeni, akajifuta uso kwa kiganja kizima.

Binti akazungusha kikombe. Hakuwa na hasira, ningeiona. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kipande cha maisha ya baba yake ambacho hakukishuhudia.

— Kuna kitu hakuwahi kunieleza, na mama naye hajui. Siku ile alipowaambia maji yananuka, twendeni tukaangalie, nyinyi mlimjibu nini?

Gari likapita, vumbi likatulia. Nilimtazama Mwalimu, ambaye ana neno kwa kila kitu. Alikuwa anatazama kile kibanda cha ng'ambo. Antena alikuwa anatazama kofia yake. Breki, bingwa wa kusimamisha mijadala, hakuwa na mjadala wa kusimamisha.

Binti akasubiri. Alikuwa na subira ya fundi saa.

Buli lilikuwa zito bado mkononi mwangu, kahawa imejaa na ina moto. Hakuna aliyenyoosha kikombe.