Mtungi Wangu Haukuvuja

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Mugonile wote, mlioko huku ufukweni na mlioko ng'ambo ya maji. Mimi ni Mama Gwantwa, bibi wa Ikombe, kijiji chetu cha ziwani, mfinyanzi, mtoto wa mfinyanzi. Shule niliishia darasa la pili, lakini udongo naujua kuliko ninavyoujua uso wangu. Nataka kushuhudia jinsi Bwana alivyoniokoa, siyo na ugonjwa wala na mamba, bali na kupenda kusifiwa. Msicheke. Hicho nacho ni kifungo, tena kinakuja kimevaa kitenge kipya.

Nilimtumikia Mungu miaka mingi huku jicho moja likiangalia watu. Nikipeleka mkungu wa ndizi msibani, nilizunguka njia ndefu ili mkungu uonekane. Nikimwombea mgonjwa, nilipaza sauti mpaka mgonjwa mwenyewe anashtuka. Taji la mbinguni nililiimba sana, lakini moyoni niliona liko mbali. Mimi nilitaka langu hapa hapa, na watu wakiona.

Basi wazee wa kanisa letu wakasema, sisi ni watu wa vyungu, kwa nini watoto wetu wanabatizwa kwa maji ya beseni la plastiki? Kila mfinyanzi alete mtungi mmoja. Utakaochaguliwa utakaa karibu na madhabahu. Na Jumapili ya kuuzindua, kati ya watoto wa kubatizwa alikuwamo Lugano, mtoto wa mjukuu wangu Tumpe. Lugano ni kitukuu changu cha kwanza. Ana mashavu kama maandazi, nimeyabusu mpaka mama yake ananiambia, "Bibi, mwachie na baba yake kidogo."

Nikaapa mtungi utakuwa wangu. Kitukuu changu, mtungi wangu, jina langu kwenye midomo ya watu.

Ilikuwa masika, na masika ya kwetu mnayajua, nguo inakaa siku tatu kwenye kamba na bado imelowa. Mtungi mkubwa wakati huo unauacha ndani, karibu na moshi wa jiko, unausubiri bila kununa. Hilo hata binti mdogo wa Ikombe analijua. Lakini nilisikia jirani yangu, tuliyekua naye tukichimba udongo shimo moja, amekwisha kuchoma wake. Presha ikapanda. Nikauchoma wangu ukiwa na unyevu tumboni. Nikiwa naongeza nyasi kwenye moto nikasikia "ta." Mfinyanzi akisikia mlio huo anajua kuna kilichopasuka. Ulipopoa nikaona ufa, mwembamba kama unywele, kuanzia tumboni mpaka karibu na kitako.

Ndugu zangu, ningeuvunja. Mama yangu angeuvunja. Mimi nilipika uji mzito wa muhogo, nikachanganya na majivu, nikajaza ule ufa ndani na nje, kisha juu nikapaka udongo mwekundu na kuchora maua meupe. Ukapendeza kuliko mitungi yangu yote. Wazee wakauchagua palepale. Mtungi wa jirani yangu, uliokauka vizuri na kuchomwa vizuri, waliuacha kwa sababu mdomo wake umepinda kidogo. Mkono wake ndivyo ulivyo tangu ujana, kila chungu chake kinacheka upande mmoja.

Jumapili ilipofika nilikaa benchi la mbele, kitenge kipya, na sikusikia wimbo hata mmoja. Nilikuwa natazama sakafu chini ya mtungi. Uji wa muhogo ukikaa na maji unalainika, hilo nilijua. Nikawa naomba, na ombi lenyewe lilikuwa baya: "Bwana, nifiche mpaka Lugano amalize kubatizwa."

Mtungi haukuvuja. Mchungaji akachota maji, Lugano akapiga chafya, kanisa zima likacheka kwa furaha. Mchungaji akanisimamisha, watu wakapiga makofi na vigelegele. Nilichokuwa nakitaka maisha yangu yote nikakipata, nimesimama, kitukuu mkononi.

Ndipo mchungaji akahubiri, wala hakuwa ananisema mimi, kwamba Bwana alituonya: afanyaye jambo ili atazamwe na watu, akishatazamwa, amekwisha kulipwa. Hakuna kingine kinachomsubiri. Makofi yale yakaniingia kama maji baridi mgongoni. Nikamtazama Lugano, bado ana matone kwenye kope, nikajiuliza, siku ile Bwana atakapoita kila mtu na kazi yake, mimi nitapokea nini? Nitaambiwa, "Wewe si ulishapigiwa makofi?"

Watu walipotoka nilibaki kumwaga maji. Nikaingiza mkono mtungini, nikapapasa mahali pa ufa. Uji wangu haukuwapo. Palikuwa na kitu laini, kinateleza. Nikanusa vidole. Nta ya nyuki.

Mtu alijua. Na Jumamosi ile mwenye zamu ya kufagia kanisa alikuwa jirani yangu.

Nilimkuta kwake anamenya ndizi. Hakuinua hata uso.

"Karibu, Mama Gwantwa. Umepigiwa vigelegele mpaka huku tumevisikia."

"Ulikuwapo kanisani, usinitanie. Ni wewe uliyepaka nta?"

"Nta gani?"

"Mwenzangu, tafadhali."

Akaweka kisu chini. "Nilikuona siku ile unapika uji, na nyumbani kwako hakuna mgonjwa. Jumamosi nikajaza maji kujaribu. Ukaanza kutoka jasho kwenye ufa. Nikakwangua uji wako ndani, nikaukausha mtungi kwa moto, nikaenda kwa shemeji yangu mwenye mizinga."

"Kwa nini hukuniaibisha? Mtungi wako ndio ungekuwa pale."

"Siku ya mtoto wa Tumpe? Nikuaibishe umembeba mtoto?" Kisha akanikunjia uso. "Sasa umenifanya niseme. Hii nilikuwa nimemwekea Bwana peke yake, na wewe umekuja kuichimbua kama kuku. Nenda kwako."

Nililia, ndugu zangu. Nililia na maganda ya ndizi miguuni. Naye akanipa kisu kingine akasema kama nimekuja kulia, nilie nikimenya.

Jumapili iliyofuata nikasimama mbele ya kanisa, nikasema yote: unyevu, ufa, uji, maua ya kufunika uongo. Nta pia niliisema, jina la mwenye nta sikulitaja. Kisha mzee mmoja akauliza, "Kwa hiyo wajukuu zetu wamebatizwa kwa uji?" Wakacheka mpaka mchungaji akashika meza, akasema maji yalikuwa maji, na Bwana hapimi mtungi. Nikaubeba mtungi wangu nyumbani kichwani, mchana kweupe, njia ile ndefu niliyokuwa nikipitishia mikungu. Siku hiyo nilikuwa mwepesi. Sasa kuku wanatagia humo.

Ndaga, asante, Bwana Yesu, kwa kuwa hukunilipa kwa makofi na kunifungia mlango. Nawe unayesoma, kama umechoka kufanya mema yasiyoonwa na mtu, kumlea mzazi asiyekumbuka jina lako, kufagia kanisa tupu, usihuzunike. Mtumaini yeye anayeona. Malipo yako hayajapotea, yako njiani.

Kanisani sasa kuna mtungi mwingine. Ulikutwa mlangoni asubuhi, hauna alama ya mtu. Tumpe ananiuliza, "Bibi, ni wako?" Namwambia siyo wangu. Mdomo wake umepinda kidogo, unacheka upande mmoja. Wafinyanzi tuko wengi Ikombe, nami sitasema zaidi. Anayepaswa kujua, anajua.