Maneno ya Kutanguliza Wimbo wa Askari

Kwenye benchi la kahawa nyuma ya soko la Malindi, Kazungu alikuwa ameshika kichwa. Miaka minne alikuwa akiimba hotelini, na wimbo uliompatia makofi mengi ni ule wa roki wa Kitaliano kuhusu wanajeshi waliopigana vita. Aliukariri kwa sikio tu, bila kujua Kitaliano, kama waimbaji wengi wa hotelini. Sasa meza nzima ya askari wastaafu kutoka Italia ilikuwa imeuomba kwa jioni ile, na meneja alitaka kwanza aeleze historia ya wimbo huo. Akivuruga mbele ya wenyewe, maiki atapewa mwingine. Ndiyo maana alikuja kwa mabingwa wa kujua kila kitu.

— Tulia, akasema Omar, anayetembeza watalii Watamu na kuitwa Profesa. Wimbo huo ulitungwa ndani ya handaki.

— Na gitaa la umeme je? Kazungu akauliza.

— Walivuta waya kutoka kwa adui.

Mutuku fundi redio, jina la kijiweni Spika, akacheka hadi kahawa ikammwagikia.

— Profesa, huo uongo wa mchana kweupe! Ile ngoma inayosikika wimboni si ngoma, ni kofia ya chuma. Mpigaji aliivaa vitani, akaja nayo studio.

— Kofia moja tu? akauliza Omar.

— Kikosi kizima! Kila mmoja alileta yake. Ndiyo maana spika zangu hupasuka.

— Na ule ukimya wa katikati ya wimbo? Kazungu akauliza, huku anaandika kiganjani.

— Hapo jenerali alipiga simu, Omar akasema bila kupepesa. Akaomba wapunguze sauti.

Dena akafika, akawasalimia, akaketi. Alirudi kutoka vitani Somalia mwaka juzi, akaacha jeshi. Siku hizi analima Kakuyuni na kijiweni huja mara chache. Kazungu akamweleza shida yake.

— Huo wimbo, Dena akauliza, mwishoni wanarudi nyumbani?

Kazungu akamgeukia Omar.

— Wewe si unajua Kitaliano, Profesa?

— Changu ni cha kuuza safari, bwana. Humo hamna maneno ya vita.

Spika akajifanya anapuliza kahawa iliyokwisha kupoa. Kazungu akaanza kuimba polepole, akitafuta mahali panapotajwa nyumbani. Hakupaona. Aibu ikamshika: miaka yote hiyo anawaimbia watu jambo asilolijua. Akafuta kiganja kwenye suruali.

— Nitawauliza wenyewe, akasema. Nikishapanda jukwaani.

Dena akatikisa kichwa.

— Usiwaulize mbele ya watu, ndugu yangu. Shuka, ukakae nao.