Nyanya Iliyolegeza Uzi

Mpaka leo sijajua kwa nini ule mche mmoja ulipona. Bustani ya Mama Recheli iko nyuma ya kijiwe chetu pale Gongoni, na kijiwe chenyewe ni taruma la zamani la reli lililolazwa juu ya matofali, mbele ya cherehani ya Fundi Adinani. Bakajani, ule ugonjwa wa kukausha majani, ilipoingia, nyanya zote za mama yule zilikauka kama zimepigwa moto, isipokuwa mche mmoja mfupi karibu na ukuta. Huo uliugua msimu uliopita, ukapona, ukachipua tena, na sasa ulikuwa kijani peke yake katikati ya maiti. Asubuhi hiyo Mama Recheli alitoka bustanini na jembe mkononi. Sisi tulikuwa kwenye kikombe cha kwanza cha kahawa.

— Wazee, leo nang'oa zote, alisema. Niambieni, na huu mfupi niung'oe, au nichukue mbegu zake? Nikikosea, meza yangu ya sokoni itakaa tupu msimu mzima, na wateja hawarudi wakishazoea kwingine.

Wa kwanza kujibu alikuwa Wilbroad, gadi mstaafu wa treni. Tunamwita Stesheni.

— Usiung'oe! Hapa walipiga kambi wapagazi wa misafara, watu wa kutoka pwani mpaka Ujiji. Kila kikohozi cha nchi hii kimekoholewa hapa. Udongo umezoea!

— Na hizo zilizokufa ziliota wapi? Angani? aliuliza Fundi.

— Hizo mizizi yake haikufika kwenye kambi.

Yahaya alitikisa kichwa. Huyu tunamwita Kufuli. Aliibiwa baiskeli mara moja, sokoni, akanunua nyingine, na tangu hapo hiyo mpya ameifunga kwa mnyororo kwenye mguu wake mwenyewe. Kwa kuwa mguu uliofungwa hauwezi kukanyaga pedali, baiskeli haijawahi kupandwa. Anaikokota tu. Akisimama kukusalimu, nayo inakuja kukusalimu.

— Mimi naielewa hiyo nyanya, alisema. Imeshavamiwa mara moja. Sasa hailali.

Tulicheka. Lakini Katarina, bibi shamba wa kata, alikuwa anapita, naye hakucheka.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu. Tuamulie!

— Mzee Yahaya hayuko mbali na ukweli. Ndani ya kila seli ya mche kuna uzi mrefu, una maagizo yote: namna ya kukua, kuzaa, kujikinga. Uzi huo umezungushiwa kwenye protini, kama uzi wa Fundi kwenye bobini. Palipokazwa sana, maagizo hayasomeki. Ugonjwa ukiingia, mche unalegeza pale penye maagizo ya kujikinga. Ukipona, mara nyingine pale panabaki pamelegea kidogo. Ugonjwa ukirudi, unakuta mche uko tayari.

Fundi Adinani alisimama, futi ya kupimia ikining'inia shingoni.

— Bobini! Miaka yote mnanidharau, kumbe nyanya ni cherehani! Mama Recheli, usisumbuke. Naumwagilia mafuta ya mashine, uzi wote ulegee.

— Utauua, baba, alisema Katarina.

— Basi nauvuta taratibu kutoka juu.

— Bora tuyatishe machipukizi mapya, alisema Kufuli. Kila alfajiri mtu asimame bustanini ataje magonjwa kwa sauti. Bakajani! Mnyauko! Yalegeze nyuzi mapema.

— Sauti haitoshi, alisema Stesheni, na kabla hatujamzuia alitoa filimbi yake ya ugadi akaipuliza kwa nguvu zote.

Kufuli aliruka. Baiskeli iliruka naye, ikamwangukia Stesheni mapajani pamoja na kahawa.

— Nyanya zangu haziendi Kigoma! alifoka Mama Recheli. Mimi nauliza mbegu, nyie mnanipigia filimbi! Katarina, mbegu zake zitakumbuka kama mama yao?

Katarina alijikuna shavu.

— Kwa baadhi ya mimea imeonekana kumbukumbu inapita kwenye mbegu. Kwa huu, sijui. Huenda ugonjwa uliuruka tu. Halafu kuna hasara. Mche unaojilinda muda wote unatumia nguvu zake huko. Huenda ndiyo maana huu ni mfupi, na umezaa kidogo.

Pembeni alikuwa ameketi kijana mmoja mgeni, Fikiri, muuza asali kutoka Usoke, ndoo yake katikati ya miguu. Naye aliinua mkono.

— Shikamooni wazee. Samahani. Huo mche ukishalegeza, nani anauambia kwamba ugonjwa umekwisha?

Fundi alitazama bobini zake. Katarina alisema kuna protini nyingine zinazokaza tena, lakini zinapataje habari kwamba ni wakati wa kukaza, hilo hata yeye hana jibu. Kisha, sijui ni nani alianza, sote tukawa tunautazama mnyororo.

— Msinitazame mimi, alisema Kufuli.

Iliamuliwa hivi: mche mfupi using'olewe. Mbegu za msimu zisitoke kwake tu. Zake zipandwe kwenye tuta moja, na za dukani kwenye tuta la pili, yote mawili mbali na palipougua, maji yaleyale, ndipo bustani yenyewe iseme. Kwa namna hiyo, lolote litakalotokea, meza ya Mama Recheli haitakosa kitu. Maji tu ndiyo yalikuwa tabu. Bomba la karibu lilikuwa kavu, na la mbali halifikiki kwa kubeba ndoo kichwani. Ilihitajika baiskeli, tena ya kupandwa.

Siku ya kupanda mbegu, Kufuli alikuja akiikokota kama kawaida. Alisimama mbele ya madumu matupu. Kisha akainama, akatafuta ufunguo ndani ya soksi, akafungua. Alipanda akiyumba kama mtoto, akafika bombani, akarudi na madumu yamejaa. Aliyamwagilia matuta yote mawili, akaiegemeza baiskeli ukutani, karibu na ule mche mfupi, akaja kuketi.

Fundi alitaka kusema neno. Nikamkanyaga mguu.

Kila baada ya funda moja la kahawa, Kufuli aligeuka kutazama ukutani. Lakini aliketi.