Wasifu wa Sauti, Aliyewarudishia Majina Watu wa Ng'ambo ya Mto

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi mliofanya kazi naye: poleni, na asanteni kwa kuja mbali hivi. Mimi ni binti yake wa kwanza. Wadogo zangu wawili wamenituma niseme kwa niaba yao, maana wanasema wao hawataweza. Nami sina hakika kama nitaweza, ila nitajaribu.

Mama yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya baba yake, aliyekuwa seremala. Walizaliwa wawili tu, yeye na mjomba wetu, mnayemwona amesimama pale. Mama yao alifariki wakiwa wadogo, wakalelewa na seremala peke yake, mtu mpole, mzito wa maneno. Vumbi la mbao liliingia mpaka kwenye chai na hakuna aliyelalamika. Jambo moja tu halikuzungumzwa katika nyumba ile: wao ni watu wa wapi. Wenzao walipokwenda likizo kwa mababu, wao walibaki mjini. Mama akiuliza, alijibiwa, "Sisi ni wa hapa hapa," na randa ikaendelea na kazi yake.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani kwao, kisha sekondari ya wasichana, akamaliza kidato cha nne mwaka 1969. Mwalimu wake wa jiografia aliwahi kumwadhibu kwa kosa la kuchora kwenye ramani vijiji ambavyo havikuwapo. Alipoulizwa vimetoka wapi, alijibu kwamba kimojawapo lazima ni kwao. Alikuwa akitusimulia kisa hicho huku anacheka. Sisi tulipokua ndipo tulipoacha kucheka naye.

Mwaka 1970 aliajiriwa kituo cha simu. Enzi hizo simu haikujiunga yenyewe. Palikuwa na ubao wa matundu na nyaya, na akina mama waliovaa visikizio wakiunganisha watu kwa mikono. Huko ndiko alikopata jina la Sauti, kwa kuwa wateja walimjua kwa sauti bila kuijua sura, na mmoja alipokuja kumwona alisema alitegemea mtu mrefu zaidi. Kazi ilimwingia kwenye damu. Hata nyumbani mtu akipiga hodi, aliitika, "Karibu, nikuunganishe na nani?" Mitambo mipya ilipokuja alihamishiwa dawati la malalamiko, akapokea matusi ya mji mzima kwa upole mpaka alipostaafu, Juni 2006.

Mwaka 1973 alikuja mchumba wa kwanza na wazee wake. Mazungumzo yalikwenda vizuri mpaka walipouliza ukoo. Seremala akatazama chini, akasema ni wa hapa hapa. Wageni wakanywa chai, wakaaga kwa adabu, na hawakurudi. Mama hakulia mbele ya baba yake. Alisema machozi yale aliyapeleka kazini, akayamalizia chooni.

Baba yetu alikuwa dereva wa lori la posta. Wazee wake nao walipoanza kunong'ona, aliwaambia kwamba yeye anaoa mtu, haoi mizizi. Walifunga ndoa tarehe 4 Desemba 1976. Wakaishi miaka thelathini na tisa, wakigombana kuhusu redio tu, mpaka baba alipotutangulia mwaka 2015.

Alipostaafu, mama alianza kutafuta. Alianzia makaburi ya mjini, kwenye kaburi la babu yake, yaani baba wa seremala. Pale jiweni, chini ya jina la marehemu, palichongwa jina la mama wa marehemu, si la baba yake kama ilivyo ada. Mama akalibeba jina la mwanamke yule mpaka kwenye ofisi ya nyaraka, akaomba orodha za sensa za zamani. Alizipekua mtaa kwa mtaa, baba yetu akimfuata na chupa ya chai. Jina halikuwamo. Siku moja akamwomba mtunza nyaraka ramani ya mji ya miaka ile ile, akaona ng'ambo ya mto vijumba vimechorwa kwa safu, bila jina la mtaa. Akauliza ni nini. Mtunza nyaraka akasema ilikuwa kambi ya wagonjwa wa ukoma, na watu wake walihesabiwa peke yao.

Katika sensa ya kambi ile ya mwaka 1931 alimkuta. Jina lake, namba yake, arobaini na moja, na mbele yake maneno haya: ana mwana mmoja, anaishi mjini.

Mama alikwenda moja kwa moja karakana. Seremala alikuwa na miaka themanini na bado anapiga msasa. Akamtajia lile jina. Mzee aliendelea kupiga msasa mahali pale pale mpaka ubao ukaanza kubonyea, ndipo akaketi.

"Huyo ni bibi yangu," alisema. "Nilimwona mara moja. Baba alinipeleka mpaka kwenye uzio. Nilikuwa nimeambiwa ugonjwa unaruka kwa pumzi, nikajificha nyuma ya mguu wa baba. Aliniita jina. Sikuitika."

Mama akamuuliza kwa nini hakuwaambia miaka yote hiyo. Alijibu kwamba baba yake alimwapisha, na kwamba yeye mwenyewe alitaka mwanawe aolewe. Wote wawili walijua ukimya ule ulifanya nini mwaka 1973.

Januari 2007 walimleta mzee hapa tulipo, ilipokuwa kambi ile. Palikuwa msitu wa nyasi. Makaburi yalikuwa vibamba vya saruji vyenye namba, basi. Walipoipata ile ya arobaini na moja, baba yetu akamwekea mzee kiti. Seremala alivua kofia, akainama, akasema, "Naam, bibi." Aliishi miaka miwili mingine, na mama alikuwa akisema ndiyo miaka aliyomsikia baba yake akipiga mluzi.

Mama hakuishia kwa jamaa yake. Aliilinganisha sensa na vibamba, namba kwa namba, na kila jina lililopatikana akaliandika kwa rangi kwenye kibao. Mbao za mwanzo alizikata seremala mwenyewe. Watu wengine walikuja kuwatafuta wazee wao, wakamkumbatia. Wengine walimpigia simu kumwomba asiliandike jina lao. Aliwasikiliza, akawaelewa, na jina akaliandika.

Mambo haya hayakupita bure. Mwaka 2011, mpwawe, binti wa mjomba, aliposwa, na wakwe wakasikia habari za kambi, wakaahirisha. Mjomba akaja nyumbani kwetu, hata kuketi hakuketi.

"Dada, umefukua. Sasa fukia."

"Sikumfukua mtu, mdogo wangu. Nimewaita kwa majina yao."

Hawakusemezana kwa miaka mingi. Binti aliolewa hatimaye, na mumewe ndiye aliyeendesha gari lililomleta mama leo. Lakini ndugu wawili wale, waliolala kitanda kimoja utotoni, walipishana kwenye misiba kama wageni. Mama hakulisema, ila kila sikukuu aliangalia simu.

Mwezi Mei mwaka huu wa 2023 alianza kuumwa tumbo, akapungua. Madaktari waligundua saratani ya kongosho, tayari imesambaa. Tunawashukuru wauguzi wa wodi alimolazwa, walioruhusu tukae naye. Mjomba alikuja wiki ya pili. Alisimama mlangoni muda, kisha akavuta kiti, akatoa kikata kucha mfukoni, akaanza kumkata dada yake kucha, kidole kimoja kimoja. Alipomaliza mkono wa pili, mama akamwambia miguu nayo inasubiri. Walilia, na sisi tukatoka nje.

Siku mbili kabla ya mwisho alituambia azikwe hapa. Tulishangaa, maana baba yuko makaburi ya mjini na nafasi ilikuwapo. Alisema baba ameelewa, walishazungumza. Kisha akasema, na haya ni maneno yake:

"Waliolala kule waliletwa kwa toroli, hakuna aliyewasindikiza. Ninyi mtakuja wengi. Mkinisindikiza mimi, mtakuwa mmewasindikiza na wao."

Alifariki tarehe 19 Agosti, saa nne asubuhi, mjomba amemshika mkono. Kaburi hili mjomba ndiye aliyelipima, na nyasi hizi alizifyeka mwenyewe tangu juzi.

Mama ameacha watoto watatu, wajukuu saba, mdogo wake, wapwa, na shoga zake wawili wa kituo cha simu walioketi pale mbele. Tukishamlaza tunawaomba msiondoke upesi. Piteni katikati ya safu, msome vile vibao kwa sauti.

Pumzika kwa amani, mama, wewe na wenyeji wako wote.